Nobu za mikisa: tuagize ama tukereze wenyewe hapa Lamu?

Wanaopiga kibodi na kushika mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kwenye maharusi huku kwetu wanaijua hii hali, nobu, yaani vile vifungo vya kuzungusha, zinang'oka moja moja mpaka mikisa inabaki vijiti vitupu, halafu usiku wa shughuli mtu anazungusha volyum kwa koleo. Koleo inakula shafti, kile kijiti kinachovishwa nobu, na shafti ikishalika hata ukipata nobu orijino haishiki tena. Sasa tumegawanyika, wengine wasema tuagize orijino tu, wengine tujitengenezee. Mimi niko na wa kutengeneza, ila sio kwa kila chombo.

Wa kuagiza wana hoja nzito jamani tusiidharau. Shafti zote kwa macho ni moja lakini wapi, kuna ya duara ya mm 6, kuna ya robo inchi yaani mm 6.35, kuna iliyokatwa ubavu mmoja kama herufi D, kuna ya meno 18. Hiyo 0.35 utaona si kitu, lakini nobu ya mm 6 ukiilazimisha kwa shafti ya robo inchi inapasuka, ama haipasuki na hiyo ndio mbaya zaidi manake nguvu yote inashuka chini, na kwenye hizi mikisa ndogo potenshiometa, ile sehemu ya ndani shafti inayoizungusha kupandisha na kushusha sauti, mara nyingi inashikwa na lehemu ya bodi peke yake. Lehemu ikiachia, chaneli inaanza kukwaruza na kukatika. Mimi chaneli moja nimeiua hivo kwa mkono wangu, nobu ya bei rahisi ikanifanya nibadilishe potenshiometa nzima, na iliniuma sana.

Lakini kuagiza nako ni safari, kitu cha uzito wa kifungo cha shati usafiri wake unakishinda bei, kisha kingoje boti kutoka Mokowe. Na sio sisi tu. Kampuni ya Teenage Engineering ya Sweden mwaka 2012 iliona wateja wanalalamika usafiri wa vikorokoro vya kibodi yao ya OP-1 ni ghali, wakatoa michoro bure mtu achapishe mwenyewe kwa printa ya 3D. Ikiwa mwenye kiwanda mwenyewe amekubali hilo, sisi twaogopa nini?

Sasa utengeneze kwa kitu gani. Printa ni nzuri kwa vipimo, ila plastiki ya PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na sisi vyombo vyetu vinapanda boti na mkokoteni wa punda juani ndani ya boksi jeusi, kwa hiyo ukichapisha sema wakutilie plastiki ya PETG, hiyo inafika karibu 80. Rezini pia ipo, plastiki ya maji inayoganda, unachukua nobu moja nzima unaimwagia silikoni, ikikauka una kalibu inayonakili mpaka meno ya ndani, humo ndimo unamwaga rezini, shida ni mapovu, na ikiwa nobu ina nembo ya kampuni ifute, usiuze nembo ya watu.

Mimi moyo wangu uko kwa mbao. Hapa tuna mafundi wa keezo, miguu ya samadari inakerezwa tangu enzi za mababu, na mbambakofi iliyobeba milango yetu haishindwi na kidole. Ila mbao haishiki meno, ukichonga tundu jembamba ukuta unapasuka, lazima ndani utie bomba dogo la shaba lenye skrubu ya ubavuni. Na mstari mweupe wa kuonyesha imefika wapi usisahau, ukumbini gizani nobu nzuri isiyo na mstari ni hasara, utampandishia mwimbaji mwangwi kumbe ulitaka kushusha.

Kwa chombo cha zamani sikubali, mtu mwenye kibodi ya sinthesaiza ya Minimoog iliyotengenezwa kati ya 1970 na 1981 aagize ama atengenezeshe mfano ule ule, na zile kuukuu azitie kwenye mfuko azihifadhi, manake mnunuzi atazitaka. Lakini mikisa ya harusi yangoja nini?

Nishapima shafti zangu kwa vania, kile kipimo cha milimita, kumi na mbili ni za D mm 6 na nne zina meno. Kwa hizo za D nimempelekea fundi mtaa wa Langoni kipande cha mbambakofi kilichobaki kwa mlango wa jirani anikerezee nobu, za meno nitazitengenezea nobu za rezini.