Maji ya Mabayani: fedha iende mtamboni au mlimani?

Tangu Mamlaka ya Majisafi Tanga ilipouza hatifungani yake ya kijani mwaka 2024, yaani ilipokopa kwa wawekezaji fedha za miradi ya mazingira, mazungumzo ya maji mjini kwetu yamekuwa ya mabomba: yatalazwa wapi, lini, mtaa gani utatangulia. Watu wana haki ya kuuliza. Mkopo ule ni wa shilingi bilioni 53.12, wa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na anayekopa kwa riba hana budi kuuza maji zaidi. Lakini kuna swali limewekwa kando, nami naliona kubwa kuliko kipenyo cha bomba lolote. Maji yenyewe, kule yanakokusanyika kwenye bwawa la Mabayani, tunayalinda na nini? Na fedha ya kuyalinda iende kwenye mtambo wa kuyasafisha, au kwa wakulima wa mlimani, mto Zigi unakotoka?

Ninachokiogopa si tope wala kipindupindu, maana hivyo tumeshavizoea na dawa zake zipo. Naogopa mwani. Sisemi ule wanaoulima akina mama huku pwani. Nasema vile viumbe vidogo vya rangi ya kijani-buluu vinavyozaliana kwenye maji yaliyotulia, yenye joto na yenye virutubisho vingi. Vikizidi, baadhi ya jamii zake, hasa Microcystis, hutoa sumu iitwayo mikrosistini, nayo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa siku zote, na hicho ni kiasi ambacho jicho wala ulimi hauwezi kukigundua.

Agosti 2, 2014 wakazi wa Toledo, jimbo la Ohio huko Marekani, waliamshwa na tangazo: msinywe maji ya bomba, wala msiyachemshe. Sumu ilikuwa imetoka Ziwa Erie ikapenya mtamboni, na watu wanaokaribia nusu milioni wakakaa siku tatu hivi wakitafuta maji ya chupa. Miaka saba kabla yake mji wa Wuxi, China, nao ulikosa maji ya bomba ya kunywa kwa sababu ya mwani wa Ziwa Taihu. Na Caruaru, Brazil, mwaka 1996, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya mashine za kusafishia damu kutumia maji ya bwawa lililojaa mwani.

Narudi kwenye ile "wala msiyachemshe". Katika nyumba nyingi za Tanga kinga ya mwisho ni sufuria. Mama anayachemsha maji hadi yatokote, anayaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa, anayamimina mtungini na kufunika. Amefanya yote aliyofundishwa kliniki. Kwa vijidudu vya tumbo kazi hiyo inatosha kabisa. Lakini mikrosistini haivunjwi na moto wa jikoni: maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki ikiwa imekolea zaidi. Kwa hiyo maji haya yakiharibikia bwawani na mtambo ukashindwa, nyumbani hakuna cha kutuokoa.

Wanaosema fedha ibaki mtamboni wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza uzito. Mtambo uko chini ya taasisi moja, una mafundi, una daftari. Mlimani kuna maelfu ya mashamba na kila shamba lina mwenyewe. Tena utaalamu upo. Shabu na vichujio huondoa mwani ukiwa mzima, sumu ikiwa bado imo ndani yake, na hilo ndilo jambo bora kabisa linaloweza kufanyika. Hatari ni pupa: klorini ikitiwa mapema mno, au mrututu ukimwagwa bwawani ili kuua mwani, vile viumbe hupasuka na kuachia sumu yote majini. Ikishayeyuka, inahitajika makaa maalumu ya unga yenye uwezo wa kuinasa. Vitu hivi hununulika na hufunzika.

Hoja yao nyingine ndiyo inayonisumbua zaidi. Bwawa la Mabayani lina umri wa karibu nusu karne. Tope lililotuama chini yake limebeba fosforasi, kirutubisho cha mbolea kinachokuza mwani, ya mashamba ya miaka yote hiyo, na maji ya chini yanapokosa hewa, tope hilo huirudisha juu. Hata kama leo kila mkulima wa Usambara Mashariki angeweka matuta, bwawa lisingepona kesho. Anayeahidi kwamba miti peke yake itatuokoa haraka anatudanganya.

Pamoja na hayo, naegemea mlimani. Ufuate mto uone. Zigi unaanzia misitu ya Amani, unateremka kupitia mashamba ya iliki na chai, unapokea Kihuhwi, unapita karibu na mitiki ya Longuza, halafu nchi ya mkonge, ndipo unaingia bwawani. Masika maji huja mekundu, na watu mjini hulalamika. Kumbe maji ya tope humnyima mwani jua. Mvua zikikatika tope linazama, maji yanang'aa, na jua la Januari na Februari linapenya hadi chini, huku maji yametulia na joto limepanda. Mbolea iliyoletwa na tope sasa ina mlaji. Tunaposhangilia maji kutakata ndipo mwani unapopata nafasi yake.

Ndiyo maana udongo unaomomonyoka unatugharimu mara mbili. Kwanza kwa shabu tunayoinunua ili kuutoa, pili kwa fosforasi iliyoshikamana nao. Mara ya tatu ukihesabu kimo cha bwawa kinachopungua. Na ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022, ambayo ni neema kwa mkulima, itaongeza mzigo huu kwenye kila mteremko usio na makinga maji, kwa sababu mfuko wa DAP, mbolea yenye fosforasi, ukioshwa na mvua haurudi shambani.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi. Mjini tunaisoma na kusema: wafukuzwe. Lakini mwenye nusu eka kando ya Kihuhwi, mita 60 kwake ni shamba zima, pamoja na migomba na ada ya shule. Ukimwondoa bila kitu atapanda juu zaidi, kwenye mteremko mkali, akafyeke chini ya miti ili apande iliki. Iliki ikichosha udongo itakuja mihogo, na mto utapokea tope zaidi ya lile ulilokimbia.

Kuna anayepinga kumlipa mtu ili atii sheria. Anauliza: leo ukimlipa mkulima wa Zigi, wa mto mwingine kama Mkulumuzi atakosea nini akidai? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba halipwi utiifu. Analipwa jasho la kuchimba matuta na mavuno aliyoyaacha. Nyasi za gwatemala zikipandwa kwa mistari kukata mteremko, zinashika udongo na zinakatwa kulishia ng'ombe wa maziwa wa zizini, na maziwa yana soko mjini Tanga. Isipokuwa kinyesi nacho kihifadhiwe mbali na mto, maana samadi ni fosforasi vilevile. Kibungo Juu kule Uluguru wakulima waliwahi kulipwa kwa kazi ya namna hii kwa ajili ya maji ya Ruvu, fedha zikitoka kwa DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na kampuni ya soda. Jiji la New York lilitia saini mkataba na watu wa vyanzo vyake mwaka 1997 kwa sababu lilipiga hesabu likaona ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Na hapa kwetu wakulima wa Kihuhwi na Zigi tayari wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaoshirikiana na Mamlaka. Hatuanzi sifuri.

Si kila mtu alipwe, lakini. Wachimbaji wa dhahabu waliovamia misitu ya Amani hawana cha kudai. Mashamba makubwa ya mkonge nayo hayastahili ujira, yanastahili ukaguzi: karibu asilimia 4 tu ya jani la mkonge ndiyo inayokuwa nyuzi, na mabaki yaliyosalia lazima yajulikane yanakwenda wapi.

Na kuna Muheza. Wilaya hiyo ndiyo inayotunza chanzo, huku wakazi wa mji wake wakihangaika na ndoo miaka mingi na mto ukiwapita kwenda kwetu. Bomba kutoka Pongwe limepunguza kilio hicho, lakini kijiji cha mlimani kinachoambiwa kisilime kingo kina haki ya kuuliza kimepata nini.

Kwa hiyo nasema hivi. Vipimo vya sumu na makaa ya dharura vinunuliwe sasa, kwa kuwa ndivyo pekee vinavyoweza kutulinda kiangazi hiki. Baada ya hapo, kila shilingi ya ulinzi ipande mlimani, na iwe na mstari wake kwenye bili ya maji, ili mwenye nyumba Chumbageni aone anachomlipa mkulima na mkulima ajue ni nani anamlipa. Mkopeshaji wa hatifungani atalipwa riba yake kila nusu mwaka. Mkulima naye apewe mkataba wa miaka, usiokufa mradi unapokwisha. Matokeo ya vipimo vya mwani yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa kila mwezi kuanzia Desemba hadi Machi, pamoja na maelezo kwamba siku sumu ikionekana, kuchemsha si dawa. Na Mamlaka iwaambie wateja wake jambo moja kabla ya Desemba: mtambo wa Mowe, unaosafisha maji yetu, una makaa ya siku ngapi.