Kikombe Tumetenga, Dirisha Tumefunga

Huku kwetu Mbeya mgonjwa wa TB hujulikana kwa vyombo vyake. Sahani yake hukaa peke yake juu ya kabati, kijiko chake hakichanganywi na vingine. Dada mmoja jirani yetu pale Mwanjelwa alipoanzishiwa dawa, mama mkwe wake alikipaka kikombe chake rangi ya kucha nyekundu kwenye mkono, wajukuu wasije wakakosea. Jioni ya Julai ikiingia, familia hiyohiyo ilijifungia sebuleni, jiko la mkaa katikati, madirisha yamezibwa na matambara. Walikuwa wakitazama taarifa ya habari pamoja, na yeye akikohoa humohumo.

Simcheki yule mama. Kafanya kama alivyofanya mama yake. Ila woga wetu tumeuelekeza pasipo, na unatutia hasara.

Kifua kikuu hakipiti kwenye sahani. Kinapita hewani. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akizungumza tu, hutoa chembechembe ndogo zenye vimelea, nazo huweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa. Nje, upepo huzitawanya na jua huwaua wadudu hao. Robert Koch alitangaza kumgundua mdudu huyu kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, na sisi bado tunapigana na vijiko.

Halafu angalia tunakoishi. Juni hadi Agosti, Makete na Njombe kuna asubuhi watu wanaamka na kukuta sakitu kwenye majani. Panda Hiace kutoka Mbalizi kwenda Uyole, jaribu kusogeza kioo kidogo tu, usikie watu wa nyuma: "Dirisha hilo, bwana! Tuna watoto huku!" Nimeshindwa kesi hiyo mara nyingi. Nenda kilabu cha komoni, au cha ulanzi kule Iringa. Watu watakuambia TB iko kwenye kopo linalozungushwa. Kopo lina mambo yake, waulize waliokesha chooni. Lakini TB iko kwenye kile chumba chenye mlango mmoja, ambamo watu hukaa mabega kwa mabega tangu mchana hadi giza.

Na huku kwetu kuna la ziada. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. VVU hudhoofisha kinga, na vimelea vya TB vilivyokuwa vimelala mwilini miaka mingi huamka. Waongeze wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya, ambao vumbi la mawe linawachosha mapafu, nalo huwaweka karibu zaidi na ugonjwa huu. Tungekuwa watu wa mwisho kuziba madirisha.

Kinachoniudhi zaidi ni wakati tunaouchagua kumtenga mtu. Anayeambukiza sana ni yule ambaye bado hajaanza dawa, yule anayekunywa chupa ya pili ya dawa ya kikohozi kutoka duka la jirani, huku jasho la usiku likilowesha shuka. Huyo tunakula naye, tunalala naye. Akishapimwa makohozi, akaanza kumeza dawa vizuri na dawa zikamkubali, uwezo wake wa kuambukiza huporomoka ndani ya wiki chache. Ndipo sisi tunaleta rangi ya kucha! Anayeona hayo naye ana kikohozi cha wiki tatu, atakwenda kupima kweli? Atanyamaza.

Dawa zenyewe ni bure. Kwa TB ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, na mkojo kugeuka rangi ya chungwa, jambo ambalo lisipoelezwa mapema humfanya mtu akimbie dozi. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977, ambao daktari Karel Styblo alisaidia kuujenga, ndio uliokuja kuwa mfano kwa nchi nyingine za dunia. Kwa hiyo kutibu tunajua.

Ninachotaka ni kwamba muuguzi anayemkabidhi mgonjwa dawa aanze na habari ya dirisha, kisha aulize nani wanalala chumba kimoja naye. Watoto wa chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU waletwe kupimwa, na wasiokuwa na ugonjwa wapewe dawa kinga. Yule dada kikombe kilipewa alama siku ileile, wale wajukuu hawakupelekwa popote.

Na makanisani, ambako kwaya huimba kwa nguvu milango ikiwa imefungwa, wazee wa kanisa waache wazi madirisha ya pande zote mbili hata mwezi wa saba. Wazee wetu wahamishiwe viti visivyopigwa na upepo, waje na mablanketi yao. Nani atamkataza bibi kujifunika blanketi kanisani Njombe?