Simu ya muuguzi na maumivu yasiyosemwa

Muuguzi anayeinamia kitanda cha mgonjwa huku ameshika simu huhukumiwa upesi kuwa mzembe, na hukumu hiyo imeingia hata katika mjadala kuhusu programu za simu za kuwasaidia wauguzi kutambua maumivu ya wagonjwa wenye demensia, yaani waliodhoofika kumbukumbu na fahamu. Mojawapo ni PainChek ya Australia: kamera husoma uso wa mgonjwa kwa sekunde tatu, kisha muuguzi hujibu maswali kuhusu sauti, mwendo na tabia yake, hadi dalili 42 zitoe alama moja ya maumivu.

Wanaoipinga wana hoja. Mgonjwa wa namna hii aghalabu hawezi kuridhia kupigwa picha, mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, uso wake hukakamaa hata akiumia, na wodi yenye wauguzi wachache haina haja ya kazi nyingine ya kubofya.

Hata hivyo, wao huilinganisha programu na muuguzi mwenye nafasi ya kukaa na mgonjwa, ilhali usiku wodini kinachoshindana nayo ni neno moja kwenye faili: "msumbufu". Bibi aliyevunjika nyonga anang'oa dripu na kumsukuma anayemgeuza. Akiulizwa kama anaumwa, anamwita marehemu mama yake. Zamu ya pili inarithi neno lile, nalo linaita dawa ya kumtuliza.

Dawa hizo si jambo dogo. Ripoti ya profesa Sube Banerjee, daktari wa magonjwa ya akili, kwa serikali ya Uingereza, mwaka 2009, ilikadiria kuwa watu 180,000 wenye demensia walipewa dawa za magonjwa ya akili kwa mwaka, wasiozidi 36,000 wakanufaika, na vifo 1,800 vya ziada vikatokea. Wanabaki 144,000 walioibeba hatari bila faida. Wangapi walikuwa wanaumwa tu? Swali hilo si la kubahatisha: jaribio la Norway la mwaka 2011, katika nyumba za wazee, lilihusisha watu 352, na waliotibiwa maumivu, wengi kwa parasetamoli, fujo zao zilipungua kwa asilimia 17 katika wiki nane.

Kipimo cha karatasi cha PAINAD, cha kupima maumivu ya wenye demensia kwa kuwatazama, kipo tangu 2003 na kinafaa, kikijazwa. Faida ya simu ni kuziweka alama za usiku kando ya zile za mchana: daktari akiona kuwa zilipanda kila bibi alipogeuzwa ubavu wa kushoto, ataikagua nyonga kabla ya kuandika sindano ya usingizi.