Fundi Anasema Kitambaa Hakitoshi

Mita tatu! Nimekwenda mwenyewe Kariakoo, nimesimama mbele ya mwenye duka, nimeziona mita tatu kwa macho yangu, nikamkataza hata kukivuta kitambaa. Nikamwambia akiache kilale. Leo asubuhi, sijamaliza kupiga mswaki, simu inaita. Fundi. "Shikamoo mzee wangu. Samahani sana, kitambaa hakitoshi." Tena kwa sauti ile ya mtu anayekupa taarifa ya msiba.

Hakitoshi nini? Zamani mita tatu zilitoa suti ya baba, na kipande kilichobaki mtoto akapata kaptula ya Idi. Nimemweleza mke wangu, nikitegemea na yeye atawaka. Akauliza tu, "Anataka ngapi zaidi?" Hakuuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipoumia.

Yote haya yameletwa na harusi ya binti wa mdogo wangu. Mimi ndiye Baba Mkubwa, na kamati imepitisha kwamba wanaume wote wa upande wetu tuvae suti rangi ya damu ya mzee. Sikushirikishwa. Ukishakuwa Baba Mkubwa hushirikishwi kitu, unatumiwa kiwango chako cha mchango na jina la rangi.

Sasa huyu fundi nimetoka naye mbali. Nilimkuta ana cherehani moja ya miguu chini ya mwarobaini, na mimi nikiwa kijana wa kuchomekea. Leo ana kibanda, ana kijana wa kumsaidia, na ana kile kitabu chake, kauntabuku lenye jalada jeusi, ambalo hajawahi kulitupa. Zahanati zinapoteza faili langu kila mwaka, naanza upya kueleza nilizaliwa lini. Fundi hapotezi kitu. Jumamosi nilipokwenda kupimwa, kabla hata hajashika tepu, akalamba kidole akaanza kufunua.

"Mzee, hapa una kiuno thelathini na moja."

"Mwaka gani huo?"

"Elfu mbili na tatu."

"Ruka."

"Hapa elfu mbili na tisa, thelathini na tatu."

"Fundi, ruka."

"Kumi na nne, thelathini na sita. Kumi na tisa, thelathini na tisa, na hapa nimepiga mstari chini."

Nikamuuliza mstari ni wa nini. Akasema ni kwa ajili ya kijana, asije akadhani namba imekosewa.

Kwenye benchi walikuwepo akina mama wawili wanasubiri vitenge vyao, na kijana wa bodaboda aliyeleta zipu, ambaye kazi yake ilikwisha zamani lakini alikuwa haondoki. Wote wanasikiliza historia yangu. Nami nikasimama wima, nikavuta pumzi kwa heshima zote, nikanyanyua mikono.

Fundi akazungusha tepu. Mkono wa kulia ukaenda nyuma, wa kushoto ukaenda nyuma, ikabidi asogee ili ikutane, akasogea tena. Tukabaki tumekumbatiana. Shavu lake liko kwenye mfuko wangu wa shati, kalamu yangu inamgusa sikio, na mimi sijui niangalie wapi, nikaamua kuangalia tangazo la vocha.

"Mzee, achia pumzi."

"Hivi ndivyo ninavyosimama siku zote."

"Mzee wangu, ukumbini utakaa mpaka saa saba usiku. Achia."

Nikaachia. Tepu ikamponyoka.

Jirani na kibanda kuna mashine ya kusaga, inaunguruma kutwa, kwa hiyo pale mtu hasemi, anapiga kelele. Fundi akamtajia kijana wake namba. Kijana hakusikia. "Kifua?" "Siyo kifua, tumbo!" "Tumbo ngapi?" Fundi akajaza mapafu, na sekunde ileile wakakata umeme. Mashine ikazima. Mtaa mzima kimya, hata kuku. Ndipo sauti ya fundi ikatoka peke yake, safi, ikavuka barabara mpaka kwa muuza mkaa:

"TUMBO AROBAINI NA TATU!"

Muuza mkaa aligeuka. Mtu tunayesalimiana kila siku kwa adabu.

Nikadhani yamekwisha. Fundi akapiga magoti mbele yangu na chaki yake, akauliza swali ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa na mwanamume mwenzangu: "Suruali unavaa juu ya tumbo au chini ya tumbo?"

Nikasema navaa kiunoni. Akasema, "Ndiyo mzee, lakini kiuno kipo wapi?" Hakuwa na utani hata kidogo. Akanifafanulia. Ukivaa juu, zipu inakuwa ndefu na tai inaonekana fupi. Ukivaa chini, namba inapungua vizuri tu, thelathini na nane na nusu, lakini shati litachomoka, na kila ukiinuka uvute. Nikiwa bado natafakari, mama mmoja kule kwenye benchi akasema baba avae chini, juu wanavaa wastaafu. Mwenzake akapinga, akasema nishonewe Kaunda suti, inaficha. Kijana wa bodaboda akauliza kwani mikanda ya mabegani imekatazwa? Wakaanza kujadili. Mimi nimesimama katikati na chaki tumboni, sina hata kura.

Nikawaambia kwa utulivu kwamba mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi ya umma kwa uaminifu, na suala la suruali yangu ni la mimi na fundi wangu. Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima. "Sawa baba," akasema. "Lakini chini."

Jioni nikafanya kosa la kulitaja jambo hili mbele ya binti yangu anayesoma uuguzi. Akazigeuza inchi kuwa sentimita hapohapo mezani: mia na tisa. Akasema kwa mwanamume, kuanzia 94 wataalamu wanaanza kukuangalia, ikifika 102 hawakuangalii tena, wanakuita. Nikamwambia ni umri. Kila mtu anajua ukivuka arobaini mwili unapoa, chakula hakiunguzwi kama zamani. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu, nimeutumia miaka mingi na haujawahi kuniangusha. Mtoto akachukua simu. Anasema mwaka 2021 ulitoka utafiti katika jarida la Science, wamepima watu zaidi ya elfu sita, wakakuta mwili unaunguza kwa kasi ileile kuanzia miaka 20 mpaka 60. Yaani mimi na kijana wa bodaboda ni mashine moja.

Basi ni kazi, nikasema. Nakaa sana. Ningekuwa natembea siku nzima kama Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi ningekuwa mwembamba. Akacheka. Kumbe na hao walishapimwa, matokeo yakatoka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anayewinda kutwa anatumia nguvu kwa siku sawasawa na Mzungu wa ofisini. Sasa nauliza, mtu anapandisha vilima na upinde, anachimba mizizi, anafuata asali juu ya mbuyu, halafu hesabu inatoka sawa na ya mtu anayesukuma faili? Huyo Mhadzabe amelalamika wapi? Mbona amenyamaza?

Kilichoniudhi zaidi ni kijiko. Anasema kijiko cha chai cha sukari ni gramu nne, kama kalori kumi na sita. Ukizidisha kijiko kimoja na robo tu kwa siku kuliko unachotumia, kwa hesabu ya juujuu mwaka unaisha umeongeza karibu kilo. Miaka ishirini, kilo ishirini. Kwa hiyo hakuna hata siku moja ya ulafi ninayoweza kunyooshewa kidole. Sikuiba, sikubugia, sikula ng'ombe wa mtu. Nimemalizwa na kijiko na robo, polepole, nikiwa nimekaa na familia yangu.

Na msinitajie Profesa Janabi, yule daktari wa moyo anayetuhubiria tupunguze sukari na wanga. Namheshimu. Alipochaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani, WHO, Kanda ya Afrika, ofisi zao ziko Brazzaville, mtaani kwetu kuna watu walipumua wakaagiza chipsi mayai. Tulidhani akivuka mpaka na yale maneno ya sukari na wanga yatavuka naye. Wapi. Siku hizi kila mtu ni Janabi. Unakaa umefungua soda yako, jirani ambaye hata bei yake haijui anakuhesabia vijiko: chupa ya mililita 350, karibu vijiko tisa. Konda naye anakutoza kwa macho. Hata daktari aliyeniambia nipunguze, mwenyewe alikuwa amekaa mbali na meza yake, na sidhani kama alipenda.

Nipunguze wapi? Hebu nipangieni. Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, la sivyo foleni inanila. Nimekaa kwenye daladala, nimekaa ofisini, nimekaa tena kwenye foleni ya kurudi, naingia kwangu saa tatu usiku na chakula kimefunikwa. Wanasema usile usiku. Nile saa ngapi, mimi? Nikiwa nimening'inia mlangoni Ubungo? Mchana mama lishe ana wali au ugali, na hizo mboga za majani anakupa kijiko kimoja, ukiongeza anakutazama vibaya. Jumamosi kuna kikao cha harusi, kikao ni soda na nyama. Ukienda msibani, pilau inakuja kwa sinia mnakula watu sita, jaribu kushika tonge moja ukae nalo uone wenye msiba watakavyokuelewa. Ukweni ndiyo usiseme. Mama mkwe anasimama nyuma ya kiti na mwiko. Ukisema umeshiba anauliza mwanawe amekukosea nini. Umri huu kila heshima unayopewa imepakuliwa kwenye sahani, na ukiirudisha nusu umetukana ukoo. Halafu haohao, sahani zikishaoshwa, "Shemeji mbona umefumuka hivyo?" Mnanichosha. Kweli mnanichosha.

Mazoezi nimefanya. Sikumbuki mwaka 2016 kama ni mimi peke yangu nilimsikia Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akitaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Nikatii. Nikajiunga na jogging ya mtaa. Kiingilio, fulana, ada ya mwezi, mfuko wa kufa na kuzikana. Tunakimbia barabarani alfajiri tunaimba, magari yanatupigia honi, mimi niko nyuma na mwekahazina, tunatembea tukijadili mapato. Tukifika mwisho kuna supu. Supu ya ng'ombe na chapati mbili, ndimu, pilipili, na lazima ule kwa sababu imo kwenye ada. Nikajitoa. Wameniacha kwenye daftari la madeni mpaka leo.

Sasa hii mita moja ya ziada. Nimempigia mwenyekiti wa kamati nikamuuliza kama inaweza kukatwa kwenye mchango wangu, maana rangi ni yao. Akaniambia niandike kwenye grupu. Kwenye grupu! Watu mia na hamsini, nusu yao siwajui, wamo wakwe na mchungaji, niandike Baba Mkubwa anaomba mita moja. Grupu lenyewe linaendeshwa na mhazini asiyelala. Saa sita usiku anatuma orodha, aliyelipa ana tiki ya kijani, ambaye hajalipa amewekewa mikono ya kuomba. Mimi nina mikono ya kuomba mitatu. Nilishalipa nusu, hakuna tiki ya nusu. Na hapo bado hatujafika kwenye zawadi, maana nasikia wazazi tutaitwa mbele tucheze tukisukuma friji.

Ukumbi wamekwenda kuchukua ghorofa ya nne. Ati una upepo. Nikauliza kama kuna lifti. Mwenyekiti akasema ipo, nzima kabisa, ila siku za shughuli haibebi watu, inapandisha vyakula.

Wali unapanda lifti, Baba Mkubwa anapanda ngazi.