Mwendo huonekana kwa mbali

Juni na Julai, Uyole, hapa Mbeya, huamka ndani ya ukungu. Ukisimama alfajiri kusubiri daladala ya Mwanjelwa, uso wa mtu aliye hatua ishirini huuoni. Unaona umbo tu, limejifunga kitenge juu ya sweta. Lakini unamjua: huyu ni mama wa viazi, mguu wake wa kushoto huurusha nje kidogo. Unamwamkia kabla sura haijatokea.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha jaribio la namna hiyohiyo. Alifunga taa ndogo kwenye viungo vya mtu, mabegani, viwikoni, magotini, akampiga filamu gizani. Mtu akitulia, watazamaji waliona vidoa tu. Akitembea, walijua mara moja kuwa ni binadamu. Mwaka 1977, huko Marekani, watafiti Cutting na Kozlowski wakaonyesha kwamba hata rafiki anaweza kutambulika hivyo. Si kila mara, ila zaidi ya kubahatisha.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka juzi mama mwenye genge ng'ambo ya barabara yetu aliniita pembeni. "Mwanangu, mama yako siku hizi akitembea mkono wa kulia hauchezi. Umeona?"

Sikuwa nimeona. Naishi naye, nakula naye. Jioni ile nikamsubiri akirudi sokoni. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi. Wa kulia ulikuwa umetulia ubavuni, kiwiko kimekunjika kidogo, kama aliyebeba kikapu, na kikapu hakuna. Hospitali wakasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Wengi tunaujua kwa kutetemeka, kumbe mkono kuacha kucheza huweza kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo.

Sisi wa nyumbani tunatazamana usoni, mezani, tumekaa. Mwendo anauona jirani, naye mara nyingi hunyamaza akihofia kuitwa mbea. Mimi naona huko ni kukosea. Kumwambia mtu faragha, kwa upole, kwamba hatua ya mzazi wake imebadilika si umbea hata kidogo, na anayeambiwa asinune. Mimi nilisema ndaga, yaani asante, nikarudi kesho yake kusema tena.

Mama anatumia dawa. Tukienda kanisani namwacha atangulie hatua kumi, ndipo namtazama.