Folda za mezha kwenye Power BI: zinasaidia au zinaficha uchafu tu?

Kuna ubishi ambao ofisi yoyote ya hapa Dar yenye watu wa data wawili watatu lazima utaukuta, kwamba hesabu za Power BI (programu ya kutengenezea ripoti na chati kutoka kwenye data), hizi tunazoziita mezha, zipangwe kwenye folda au ziachwe tu zilivyo na kila mtu atumie kisanduku cha kutafutia. Kwa nje ni kama suala la usafi wa meza. Mimi naliona zito kuliko hivyo, maana mezha ndo mahali ambapo kampuni inaamua "mauzo" maana yake nini, na mtu akibeba mezha isiyo yenyewe anapeleka kwenye kikao namba ambayo siyo, tena kwa kujiamini kabisa.

Chukua modeli, yaani majedwali ya data pamoja na hesabu zake, ya msambazaji wa kawaida tu, anachukua mzigo kiwandani anaushusha Kariakoo, Mbagala, Tegeta mpaka Kibaha. Mauzo yake yana sura kibao. Kuna yenye VAT na kuna bila VAT, na kwa Bara kiwango cha kawaida ni 18% kwa hiyo milioni 118 upande mmoja ni milioni 100 upande wa pili, hapo hata kamisheni ya mtu wa mauzo inabadilika. Kuna kabla ya kutoa mzigo uliorudishwa na baada ya kuutoa. Ukija kwenye muda ndo balaa, kampuni inafunga hesabu Desemba ila mteja mkubwa ni taasisi ya serikali ambayo mwaka wake wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, kwa hiyo lazima ziwepo YTD (jumla ya tangu mwaka uanze) mbili, maana TOTALYTD, fomula inayoikokotoa, usipoiambia mwaka unaishia lini yenyewe inachukua 31 Desemba. Sasa sura nne za mauzo ukizizidisha kwa mwezi huu, YTD ya kalenda, YTD ya Juni, mwaka jana na ukuaji wa asilimia, tayari una mezha 20 na bado hujagusa faida, madeni wala stoo. Zote zimejipanga kwa alfabeti, nyingi zinaanza na neno lile lile, na dada wa fainansi aliyefungua faili saa mbili asubuhi hakuwepo siku zinaandikwa.

Wanaopinga folda wana hoja na nadhani huwa hawasikilizwi vizuri. Wanasema jina zuri linatosha, ukiandika "Mauzo bila VAT YTD Juni" mtu anatafuta anapata, folda ya nini. Wanasema pia folda inaficha, mtu haoni mezha aliyoitaka kwa sababu imefungiwa ndani ya kitu kinachoitwa "KPI" au "Nyinginezo", anaandika yake mpya, na hapo modeli imepata pacha ambaye hakuna anayemjua. Hili ni kweli kabisa na nimeliona kwa macho, modeli ina folda sita zinapendeza, ndani yake faida ghafi imeandikwa mara tatu kwenye folda tatu, moja inapunguza gharama za usafiri mbili hazipunguzi. Ila sikubali kwamba kisanduku cha kutafutia ndo dawa. Kinamsaidia anayejua anachokitafuta. Mgeni hajui kwamba kuna YTD mbili, ataandika YTD, atachukua ya juu, ataondoka nayo.

Jinsi folda zenyewe zinavyofanya kazi nayo inachangia ubishi huu. Kwenye Power BI Desktop unaenda kwenye mwonekano wa modeli, unachagua mezha (ukishika Ctrl unachagua nyingi kwa mpigo), upande wa kulia kwenye sifa zake kuna sehemu ya kuandika jina la folda. Unaandika, basi. Folda sio kitu kinachojitegemea, ni maandishi tu yaliyobandikwa kwenye mezha, ukikosea herufi moja umezaa folda nyingine, na ukiitoa mezha ya mwisho folda inapotea yenyewe. Ukiandika Mauzo\Muda unapata folda ndani ya folda, ni ule mkwaju unaolala kinyumenyume, ukitumia wa kawaida haigawanyi. Ukitenganisha majina mawili kwa nuktamkato mezha ile ile inatokea kwenye folda mbili, na hii watu wengi hawaijui wakati ndo jibu la ule ubishi wa "faida ghafi ikae kwa fainansi au kwa mauzo". Ikae kote, fomula inabaki moja.

Alafu kuna kambi ya tatu, wanaotengeneza jedwali tupu linaitwa _Mezha, wanahamishia humo kila kitu, wanaificha ile kolamu yake, jedwali linapata alama ya kikokotoo na kupanda juu ya orodha. Inapendeza na inawasaidia sana waandishi wa ripoti. Tatizo lipo kwa wale wa Excel, na hapa mjini wakubwa wengi bado wanataka pivoti yao (jedwali la muhtasari la Excel) iliyounganishwa na modeli. Mhasibu akibofya namba mara mbili ili aone invoisi zilizoizaa, Excel inamletea mistari ya jedwali ambalo mezha inakaa. Mezha ikikaa kwenye jedwali la mauzo anaona invoisi. Ikikaa kwenye jedwali tupu haoni cha maana. Kuna namna ya kuielekeza mezha ilete mistari gani, watu wanaifanya kupitia Tabular Editor, programu ya pembeni ya kuhariri modeli, ila niambie ni ofisi ngapi ndogo zina mtu wa kukaa chini kuifanya hiyo kwa kila mezha.

Kwa upande wangu naegemea kwenye folda, tena ndani ya majedwali husika na sio jedwali moja la wote, ila kwa sharti kwamba zigawanywe kwa maswali ya watumiaji. Folda inayoitwa "YTD" au "Asilimia" inamfurahisha aliyeandika DAX, ile lugha ya fomula za Power BI. Meneja wa mauzo hafungui ripoti kutafuta asilimia, anatafuta Mbagala imeshuka kwa nini, madeni ya nani yamepitiliza siku 30, mzigo gani umelala stoo. Folda za Madeni, Stoo, Mauzo kwa eneo, hizo anazielewa bila kufundishwa. Zile mezha za kusaidia nyingine zifanye kazi, ambazo hakuna anayepaswa kuzitumia peke yake, zisiwekewe folda ya "usiguse", zifichwe kabisa.

Na kabla ya folda, punguza. Zile mezha 20 za mauzo nyingi ni hesabu moja iliyovalishwa muda tofauti, na tangu mwisho wa 2023 unaweza kutengeneza makundi ya ukokotoaji humo humo kwenye Power BI Desktop, unaandika YTD na mwaka jana na ukuaji mara moja tu zikafanya kazi kwa mezha zote. Unabaki na mezha nne na vipengele vitano vya muda. Gharama yake ipo, ukishaweka kundi la namna hiyo modeli haikuruhusu tena kuburuta kolamu ya namba kwenye chati ikajijumlisha yenyewe, kila jumla lazima iandikiwe mezha, na watu waliozoea kuburuta watalalamika wiki nzima. Mimi bado naona inalipa, lakini kwa timu ambayo mtu mmoja tu ndo anajua DAX na ana mpango wa kuhama kazi, ningesita.

Kama modeli tayari inatumika na ripoti za idara nyingine zimeunganishwa nayo kutoka kwenye mafaili tofauti, kuna jambo la kuangalia. Kubadilisha folda hakuvunji chochote, ni mwonekano tu, unaweza kufanya hata mchana watu wakiwa kazini. Kuhamisha mezha kutoka jedwali moja kwenda lingine ni habari tofauti, chati za kwenye faili lile lile zitajirekebisha lakini zile ripoti za nje zinaikumbuka mezha pamoja na jedwali lake, asubuhi mtu wa Mwanza anafungua anakuta chati zimekufa. Kwa hiyo anayetaka kupanga aanze na folda, na suala la jedwali la _Mezha liamuliwe siku ya kwanza modeli inapojengwa, au lisubiri mpaka ijulikane ni ripoti zipi zinaitegemea.