Sukari ya Ubongo: Nani Hasa Anakula?

Ramadhani moja mama, mwenye kisukari, alijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, kisha usingizi ukamchukua, daku hakula. Saa tatu asubuhi tulimkuta ukumbini kwetu Mkomani, hapa Lamu, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Jirani akasema ni jini, aitwe mwalimu. Mke wa ami alipoona bado aweza kumeza, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Haikupita nusu saa mama akauliza, "Mwanangu, walilia nini wewe?"

Sukari ilikuwa imemshuka, ubongo ukakosa chakula. Tangu siku ile siridhiki nikisikia "ubongo hula sukari" pakaishia hapo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya nishati mtu akiwa ametulia. Sawa. Lakini mle ndani mna seli za namna nyingi, na hazili namna moja.

Neuroni, zile zinazopeleka ujumbe, hutegemea mno oksijeni na mitokondria, vile vijitambo vya nishati ndani ya seli, na hazina akiba ya maana. Mwaka 2009 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba neuroni huharibu daima kimeng'enya kinachoharakisha kuvunja glukosi, yaani ile sukari ya damu. Zikilazimishwa kuivunja kwa kasi, hukosa kinga dhidi ya sumu za oksijeni, zikafa. Astrosaiti, seli zenye umbo la nyota, huivunja kwa kasi bila madhara, hutoa laktati, zao la glukosi iliyovunjwa ambalo bado lina nishati, tena ndizo zenye ghala la glikojeni, yaani glukosi iliyowekwa akiba. Ghala lenyewe dogo. Na hizi ndizo zilizoitwa gundi tangu karne ya 19, kana kwamba kazi yao ni kushikilia wenzao tu!

Mwaka 1994 watafiti Pellerin na Magistretti walipendekeza kuwa astrosaiti huzilisha neuroni kwa laktati hiyo. Wengine wanapinga, wakisema neuroni inapochangamka huvunja glukosi yake yenyewe. Mimi naona ubishi huu una haki ya kuchukua muda, kwa sababu picha za PET, zinazoonyesha ubongo ukitumia sukari na ambazo madaktari huzitegemea, hufuata glukosi eneo zima kwa pamoja. Ni kama kuambiwa mtaa wa Langoni wamekula leo, usijue ni nyumba ipi iliyopika na ipi iliyopelekewa sahani. Kwa hiyo nikisoma kwamba ubongo wa mgonjwa wa kusahau "umepunguza kutumia sukari", nauliza: seli zipi?